Mchicha Hauna Kosa: Kuishi na Damu Inayoganda na Dawa Zake

Kwenye benchi la kliniki ya moyo watu watatu wanaweza kukaa bega kwa bega, kila mmoja akiwa na kidonge kilekile mfukoni. Mmoja ni mama aliyejifungua miezi miwili iliyopita, mguu wake wa kushoto ukavimba hadi pajani. Wa pili ni kijana mwenye vali ya chuma moyoni, kwa sababu homa ya baridi yabisi ya utotoni iliiharibu ile aliyozaliwa nayo. Wa tatu ni mzee ambaye moyo wake unadunda bila mpangilio. Wote wanameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo. Na kwa kuwa foleni ni ndefu, wanashauriana: acha mboga za majani, kunywa maji ya ndimu kila asubuhi, mimi niliambiwa nitaacha baada ya miezi mitatu, kwa hiyo na wewe utaacha. Kila mmoja anasema kweli yake, lakini ushauri ukishahama kutoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine, mara nyingi unageuka hatari.

Makala haya yanajaribu kutenganisha mambo yaliyochanganyika hapo. Hayachukui nafasi ya daktari wako, ambaye ndiye anayejua hali ya figo zako, uzito wako na dawa nyingine unazomeza.

Bonge linazaliwa wapi, linakwenda wapi

Damu ni lazima igande. Ukijikata kwa kisu jikoni, chembe sahani hukimbilia palipochanika, kisha protini kadhaa zinazotengenezwa na ini huamshana moja baada ya nyingine mpaka zitokee nyuzi nyembamba za fibrini zinazoziba kidonda. Taabu huanza kazi hiyo inapofanyika ndani ya mshipa usio na kidonda cha kuziba.

Kwa nini itokee? Jina la daktari Mjerumani Rudolf Virchow, aliyeandika juu ya mabonge ya damu iliyoganda mapafuni mwaka 1856, limebaki kwenye maelezo ya sababu tatu ambayo bado yanafundishwa vyuoni. Kwanza, damu inatuama: mtu amelala kitandani baada ya upasuaji, amefungwa plasta baada ya ajali ya bodaboda, au amekaa kwenye basi kutwa nzima. Pili, ukuta wa mshipa umejeruhiwa. Tatu, damu yenyewe imeelekea kuganda kuliko kawaida, na hapa orodha ni ndefu: ujauzito na uzazi, saratani, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, selimundu, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na kasoro za kurithi katika familia. Mara nyingi sababu mbili au tatu hukutana kwa mtu mmoja. Kuhusu safari, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa kitini zaidi ya saa nne, kwenye ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari takriban mara mbili. Lakini kwa mtu mzima wa afya, hatari yenyewe ilikadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 6,000 kwa safari ya ndege ya namna hiyo. Asiyekuwa na sababu nyingine hana haja ya kuogopa safari ya kwenda Mwanza. Ainuke basi linaposimama, atembee, basi.

Bonge likizaliwa kwenye vena kubwa za mguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, kipande kikikatika kinapanda na damu hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo kinasukumwa mapafuni na kukwama. Hiyo ndiyo hatari ya yule mama. Likizaliwa upande wa kushoto wa moyo, kwenye vali ya chuma au kwenye chumba cha juu kinachotetemeka badala ya kudunda, kipande kinakwenda mwilini kote, na mahali pa kutisha zaidi ni ubongo: kiharusi. Hiyo ndiyo hatari ya kijana na mzee. Dawa ni moja, lakini kinachozuiwa ni tofauti, na ndiyo maana muda wa matibabu na kiwango kinachotafutwa haviwezi kufanana.

Mguu wenye bonge huvimba kuliko mwenzake, kigimbi kinauma, ngozi inakuwa ya moto. Vitabu vingi huandika wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi, kwa hiyo angalia joto, maumivu na tofauti ya ukubwa. Futi ya fundi cherehani inatosha: madaktari hutilia maanani tofauti ya zaidi ya sentimita 3 kati ya vigimbi viwili, vikipimwa sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti. Bonge la mapafuni huja kwa kuishiwa pumzi ghafla, maumivu ya kifua unapovuta hewa, moyo kwenda mbio, pengine kukohoa damu au kuzimia. Dalili hizo zinafanana na za nimonia na pumu, na kwa sababu ya kikohozi chenye damu wapo wanaodhaniwa kuwa na kifua kikuu.

Huku kwetu mguu uliovimba una maelezo mengine pia. Utasikia kuwa ni matende, au ni baridi yabisi, au mtu amekanyaga kitu alichotegewa. Sina ugomvi na imani ya mtu, ila kila siku inayopotea kwenye maelezo hayo ni siku ambayo bonge linaweza kukua na kupanda. La kuogopa zaidi ni mguu huo kukandwa. Katika nyumba nyingi mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto, na kwa mwili wenye uchovu huo ni uangalizi wa upendo. Lakini mguu mmoja uliovimba na unaouma usikandwe wala kuchuliwa kwa mafuta mpaka upimwe kwa ultrasaundi. Wiki sita za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa ya damu kuganda, kuliko hata ujauzito wenyewe, na wiki sita hizo karibu zinalingana na arobaini, kipindi ambacho mzazi anahimizwa alale na asinyanyue mguu. Apumzike, sawa, lakini atembee humo ndani mara kadhaa kwa siku, hasa aliyejifungua kwa upasuaji.

Mcheza tenisi Serena Williams, ambaye alishapata mabonge mapafuni mwaka 2011, alijifungua kwa upasuaji mwaka 2017. Siku iliyofuata akaishiwa pumzi, akamwambia muuguzi kuwa anahitaji kipimo cha CT na heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda. Kwanza walimpima miguu kwa ultrasaundi, hawakuona kitu. CT ilipofanyika mabonge yakaonekana mapafuni. Ukiwa umewahi kupata bonge, sema hivyo mwanzo kabisa, kabla hujaeleza kingine chochote, hata kama aliyeko mbele yako ana haraka.

Dawa haiyeyushi bonge

Hili wengi hawaambiwi. Warfarini, heparini na vidonge vipya nitakavyovieleza mbele haviyeyushi bonge lililokwisha kuganda. Wala haviifanyi damu kuwa majimaji. Ukipimwa wingi wa damu leo na wiki ijayo ukiwa kwenye dozi, kiwango kitakuwa kilekile isipokuwa kama unavuja damu mahali. Kinachofanyika ni kuzuia bonge lisikue na jingine lisizaliwe, huku mwili wenyewe ukilitafuna lile la zamani kwa kimeng'enya chake, kidogo kidogo, kwa wiki na miezi. Wakati mwingine halitafunwi lote, hubaki kovu ndani ya mshipa. Dawa za kuyeyusha hasa zipo, lakini hutolewa hospitalini kwa hali mahututi, kwa sababu zinaweza kusababisha damu kuvuja ubongoni.

Ndiyo maana mguu unaweza kuendelea kuvimba jioni hata baada ya miezi mitatu ya dawa uliyomeza bila kukosa. Haina maana dawa imeshindwa. Vena ina milango midogo ya kuzuia damu isirudi chini, na bonge likiiharibu, damu hutuama. Kati ya wagonjwa watano waliopata bonge mguuni, mmoja hadi wawili au zaidi hubaki na uzito, uvimbe au ngozi kuwa nyeusi kuzunguka kifundo. Kutembea kunasaidia, na kuinua mguu ukiwa umekaa. Soksi za kubana huwapunguzia wengine maumivu, ingawa kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam sitamlaumu anayezivua saa sita mchana.

Warfarini inafanya kazi kwa njia ya kuzunguka. Ini linahitaji vitamini K ili kukamilisha protini nne za kugandisha damu, zile za namba 2, 7, 9 na 10. Warfarini huzuia vitamini K iliyokwisha kutumika isirudishwe kwenye hali ya kutumika tena. Protini mpya zinatoka zikiwa na kasoro, lakini zile za zamani bado zimo kwenye damu mpaka ziishe zenyewe. Namba 7 huisha ndani ya saa chache, namba 2 huchukua siku mbili hadi tatu kupungua nusu. Zaidi ya hayo, warfarini hupunguza pia protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia mgando usipite kiasi, na hiyo hupungua mapema. Kwa hiyo siku za mwanzo mgonjwa anaweza kuwa hana kinga yoyote, au akawa hatarini zaidi kuliko kabla ya kuanza. Ndiyo sababu aliyepata bonge huchomwa sindano za heparini tumboni huku akimeza warfarini, kwa siku zisizopungua tano na mpaka kipimo kionyeshe kiwango kimefikiwa na kutulia kwa saa 24. Sindano hizo ni ghali, na najua familia zinazoziacha siku ya tatu kwa kuona kuwa vidonge vipo. Kama kuna mahali pa kubana matumizi, si hapo.

Anayetafuta habari za warfarini mtandaoni hukutana haraka na maneno ya sumu ya panya. Ni kweli. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Maabara ya Karl Paul Link huko Wisconsin ilitambua kemikali iliyohusika mwaka 1940, ndugu yake wa kutengenezwa, warfarini, akauzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, na mwaka 1954 akaruhusiwa kwa binadamu. Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipewa dawa hiyo baada ya shambulio la moyo la mwaka 1955. Tofauti kati ya sumu na dawa hapa ni dozi na kipimo.

INR, na kwa nini haifukuzwi kila siku

Kipimo hicho ni INR. Kinalinganisha muda ambao damu yako inachukua kuganda na ule wa mtu asiyemeza dawa, ambaye INR yake huwa karibu na 1. WHO ilikileta miaka ya 1980 ili majibu ya maabara moja yaweze kulinganishwa na ya nyingine. Kwa aliyepata bonge mguuni au mapafuni, na kwa moyo unaodunda bila mpangilio, kiwango kinachotafutwa ni kati ya 2 na 3. Kwa vali ya chuma ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, huwa kati ya 2.5 na 3.5. Kwa hiyo INR ya 3.3 inaweza kuwa habari njema kwa kijana wa vali na sababu ya kurekebisha dozi kwa yule mama. Chini ya 2 hatari ya bonge hupanda. Juu ya 4.5 hatari ya kuvuja hupanda kwa kasi.

Dozi iliyobadilishwa leo haionekani vizuri kwenye kipimo mpaka zipite siku mbili tatu, na athari yake kamili huchukua karibu wiki. Anayepunguza Jumatatu, akapima Jumanne, akapunguza tena kwa kuwa namba haijashuka, atajikuta Ijumaa amepitiliza chini. Kwa kawaida daktari au mfamasia hurekebisha jumla ya dozi ya wiki kwa asilimia 5 hadi 20, ndipo unapopata maagizo ya ajabu kama kidonge kimoja Jumatatu hadi Ijumaa, kimoja na nusu Jumamosi na Jumapili. Andika kwenye kalenda ya ukutani. Na ujue dozi yako kwa miligramu, maana rangi ya kidonge hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, na duka la dawa linaweza kukupa cha 1 mwezi huu na cha 5 mwezi ujao.

Ukisahau dozi na ukakumbuka siku hiyohiyo, meza. Ukikumbuka kesho yake, iache ile, meza ya leo tu, usiunganishe mbili. Kisha uitaje siku ya kupima, maana nimeona kadi zenye dozi zilizopandishwa bure kwa sababu mgonjwa aliona aibu kusema alisahau.

Kwa wengi kupima ndiko kunakochosha, zaidi ya dawa yenyewe. Nauli, foleni, kemikali za maabara zimeisha, njoo wiki ijayo. Mahali ambapo kliniki maalumu zipo, kama ile ya Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret ambako wafamasia ndio waliopewa kazi ya kufuatilia INR, kazi hii inakwenda vizuri, na sioni kwa nini mikoa isiige. Kipo pia kifaa kidogo kinachopima kwa tone la damu ya kidole na kutoa jibu papo hapo. Kikiwa kwenye kituo cha wilaya kinamwokolea mtu safari ya kutwa.

Mboga za majani

Sasa tufike kwenye mchicha. Mboga za kijani zina vitamini K, vitamini K inapingana na warfarini, kwa hiyo usile mboga: ndivyo benchi linavyohitimisha, na wakati mwingine hata mtoa dawa aliye na haraka. Hitimisho hilo si sahihi. Dozi yako imepangwa kulingana na unavyokula. Ukila mboga kila siku, dozi itapangwa juu kidogo na mambo yatatulia. Anayezikimbia kabisa ndiye anayepata shida zaidi, kwa kuwa akiba yake ya vitamini K ni ndogo mno, hata sahani moja ya kisamvu kwenye harusi inamyumbisha. Wanaokula vitamini K kidogo sana wameonekana kuwa na INR isiyotulia kuliko wanaokula kwa kiasi.

Kiasi chenyewe kinafaa kujulikana. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 90 hadi 120 za vitamini K kwa siku. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina zaidi ya 1,000. Sukuma wiki iliyopikwa ina karibu 400, matembele mabichi karibu 300, kabichi ni chini ya hapo sana. Kisamvu, majani ya maboga, mnavu na majani ya mlonge yamo kwenye kundi la juu. Nyanya, kitunguu, ugali, wali, ndizi, maharage na nyama vina kidogo, huna haja ya kuvihesabu.

Kwa hiyo jambo la kuangalia ni mabadiliko. Masika mboga zimejaa sokoni kwa bei ya chini, kiangazi zinaadimika. Disemba mtu anakwenda kijijini, wiki mbili ni nyama choma, ndizi na bia, mboga hazionekani, anarudi mjini INR imepanda. Mwingine anaambiwa mlonge unatibu kila kitu, anaanza kukoroga unga wake kwenye uji, INR inashuka na hakuna anayejua kwa nini. Ukiugua homa au kuharisha, usipokula siku tatu, INR hupanda pia. Pombe nyingi kwa mara moja huipandisha, na ulevi wa kila siku huivuruga kwa njia nyingine. Siku zako zikibadilika hivyo, pima mapema kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.

Dawa zinazogongana

Kama ingebidi nichague la kusisitiza, ningeacha chakula nichague dawa. Tunanunua dawa dukani kama tunavyonunua sabuni, na kinachomfikisha mtu wa warfarini wodini mara nyingi ni kitu kidogo alichonunua mwenyewe.

Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaumiza ukuta wa tumbo na kulegeza chembe sahani. Ukichanganya na warfarini, au na vidonge vipya, tumbo linaweza kuvuja damu bila hata maumivu. Kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ndiyo salama zaidi, ingawa ukiimeza kwa dozi kubwa siku nyingi mfululizo nayo huipandisha INR. Aspirini huwapo kwa makusudi kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo, lakini huo ni uamuzi wa daktari.

Metronidazoli, ambayo wengi wetu hununua tumbo likichafuka, huipandisha INR kwa nguvu. Septrini pia, na flukonazoli ya fangasi. Haina maana huwezi kuzitumia kabisa. Ina maana aliyekuandikia ajue, na upimwe ndani ya siku chache.

Rifampisini ya kifua kikuu inastahili aya yake. Inalifanya ini lichakate warfarini kwa kasi kubwa, mpaka dozi inaweza kuhitaji kuongezwa mara mbili, tatu au zaidi. Mgonjwa anapanda taratibu, anatulia kwenye dozi hiyo kubwa, anamaliza miezi sita ya kifua kikuu, kila mtu anampongeza, na hapo ndipo hatari inapoanza. Baada ya rifampisini kuachwa, ini hurudi hali yake ya kawaida ndani ya wiki kadhaa, huku mtu bado anameza dozi kubwa. INR inaruka. Anayemaliza dawa za kifua kikuu akiwa kwenye warfarini anahitaji kupimwa kila wiki mpaka atulie. Baadhi ya dawa za kifafa huishusha INR vilevile. Kwa ARV inategemea mchanganyiko, dolutegraviri ikiwa miongoni mwa zisizo na usumbufu mkubwa.

Wenye ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi wana fundo lao. Wanachomwa penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwenye msuli, na msuli uliochomwa wakati INR iko juu unaweza kujaa damu. Wengine huacha sindano kimyakimya kwa hofu hiyo, ugonjwa unarudi na kuharibu vali nyingine. Mweleze daktari. INR ikiwa ndani ya kiwango, mara nyingi sindano hutolewa na mahali pakakandamizwa kwa dakika kadhaa, au mgonjwa huhamishiwa vidonge vya kila siku.

Dawa za asili nazo ni dawa. Kitunguu saumu na tangawizi za kwenye mchuzi hazina neno, ila vidonge na maji yake yaliyokolezwa ni jambo jingine. Chale na hijama ziache kabisa ukiwa kwenye dozi. Kung'oa jino au kutahiriwa kunawezekana, kwa mpango: mara nyingi jino hung'olewa bila kusimamisha warfarini, INR ikipimwa kabla na fizi ikabanwa kwa pamba au kushonwa.

Vidonge vipya, na ambao haviwafai

Rivaroksabani, apiksabani, dabigatrani na edoksabani haziendi kwa njia ya vitamini K. Kila moja inazuia protini moja tu ya kugandisha damu, bila kuzunguka; zinaanza kazi ndani ya saa chache, dozi haibadiliki kila mwezi, INR haipimwi na mchicha unaliwa upendavyo. Kwa bonge la mguu na la mapafu, na kwa moyo unaodunda bila mpangilio usio na tatizo la vali, ndizo zinazopendekezwa kwanza siku hizi, hasa kwa kuwa damu huvuja ubongoni mara chache zaidi kuliko kwa warfarini. WHO iliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Bei ndiyo kikwazo, ingawa imeanza kushuka tangu viwanda vingine viruhusiwe kuzitengeneza.

Lakini kuna wasiofaa. Wenye vali ya chuma: jaribio la dabigatrani kwa watu hao lilisimamishwa kabla ya wakati, matokeo yakachapishwa mwaka 2013, mabonge na uvujaji vyote vilizidi. Jaribio la apiksabani kwa aina moja ya vali lilisimamishwa pia, mwaka 2022. Kisha wapo ambao vali zao za asili zimekazwa na baridi yabisi na moyo unadunda bila mpangilio. Wengi walitarajia vidonge vipya vingewakomboa. Utafiti wa INVICTUS, uliohusisha zaidi ya wagonjwa 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulitangazwa mwaka 2022 na kuonyesha kinyume: waliobaki kwenye dawa za kundi la warfarini walikufa wachache kuliko wa rivaroksabani, na hawakuvuja damu zaidi. Kwa ukanda wetu, wenye vijana wengi wa baridi yabisi, huo ni utafiti wa kukumbukwa kuliko matangazo mengi. Rifampisini pia huziangusha dawa hizi, na kwa kuwa INR haizisomi, huwezi kuona zimeanguka.

Kuna jambo jingine. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo dozi moja iliyosahauliwa haileti msiba. Vidonge vipya hupungua nusu kwa takriban saa 12 au chini ya hapo. Ukikosa siku mbili kwa sababu fedha haijapatikana, huna kinga. Anayejua kuwa hatamudu kununua kila mwezi ni afadhali amwambie daktari wazi, abaki na warfarini inayopimwa.

Kwa wanaofunga Ramadhani, warfarini ya mara moja kwa siku humezwa usiku bila shida. Rivaroksabani ya miligramu 15 au 20 inahitaji kumezwa na chakula ili iingie vizuri, kwa hiyo futari inafaa. Apiksabani ni mara mbili, na kati ya daku na futari hupita kama saa 14, kwa hiyo zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Aliyepata bonge wiki chache zilizopita ana udhuru ulio wazi.

Mimba

Mwanamke wa umri wa kuzaa anapaswa kuyasikia haya siku anayoanza dawa, asisubiri mpaka ashike mimba. Warfarini hupita kwenye kondo la nyuma, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu ukuaji wa mifupa na pua ya mtoto. Vidonge vipya havipendekezwi kwa mjamzito wala anayenyonyesha. Kinachotumika ni sindano za heparini, ambayo haipiti kwa mtoto. Kwa mwenye vali ya chuma uamuzi ni mgumu, kwa kuwa heparini haiilindi vali vizuri kama warfarini, na unahitaji wataalamu wa moyo na wa uzazi wakae meza moja. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam na hospitali nyingine kubwa za rufaa hukutana na wagonjwa kama hao. Ukikosa siku zako, pima mapema. Baada ya kujifungua, warfarini haimzuii mama kunyonyesha. Kwa uzazi wa mpango, vidonge vyenye estrojeni havifai kwa aliyepata bonge, kijiti na kitanzi ni njia za kuzungumzia, na baadhi ya vitanzi hupunguza hedhi nzito ambayo dawa hizi huileta.

Damu inapovuja, na siku ya kuacha

Fizi kutoka damu kidogo unapopiga mswaki, au alama ya bluu baada ya kujigonga, ni mambo ya kutaja kliniki. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, kutapika damu, pua isiyokoma kutoka damu baada ya kuibana dakika 10 hadi 15, au kichwa kinachouma kwa namna ambayo hujawahi kuisikia, ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Ukianguka na bodaboda ukagonga kichwa, nenda hata kama unajisikia mzima, kwa kuwa damu ya kichwani inaweza kukusanyika polepole. Nguvu ya warfarini huondolewa kwa vitamini K na, kwa dharura, plazima, yaani majimaji ya damu iliyochangiwa. Dawa za kuondoa nguvu ya vidonge vipya zipo duniani lakini ni ghali mno, hospitali chache za kwetu zinazo. Weka kadi yenye jina la dawa na dozi kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Kuacha hakuamuliwi kwa kujisikia vizuri. Mwenye vali ya chuma hamezi kwa muda, anameza maisha yote. Mwenye moyo unaodunda bila mpangilio kwa kawaida vilevile. Aliyepata bonge humeza angalau miezi mitatu, kisha swali linakuwa moja: lilitokana na nini? Likiwa limefuata upasuaji mkubwa na sababu hiyo imekwisha, hatari ya kurudi ni takriban mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka wa kwanza, na wengi huacha. Likiwa limekuja bila sababu inayojulikana, baada ya kuacha dawa hurudi kwa takriban mtu 1 kati ya 10 ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi. Hao mara nyingi hushauriwa waendelee, na baada ya miezi sita wengine huweza kushushwa hadi dozi ndogo ya apiksabani au rivaroksabani. Ukiambiwa uache, andikiwa tarehe, na uulize ni nani wa kumwendea mguu ukivimba tena au pumzi ikikukatika, na kama ana kipimo cha ultrasaundi siku za mwisho wa wiki.